Siku Ulipomkimbia Mzee wa Krismasi

Mkotokuyana, Nachingwea
Alasiri, kesho unasafiri

Mwanangu Veronika,

Nakuandikia ungali hapa hapa nyumbani, hatua kumi kutoka nilipoketi, na nakusikia ukibishana na mama yako juu ya sanduku. Yeye anataka blanketi la pili liingie, wewe unasema huko Dar es Salaam unakokwenda kusomea uuguzi hakuna baridi. Nimeulizwa niamue nikashindwa, nikachukua kalamu nikaja huku barazani. Kwa hiyo humu hutakuta habari ya blanketi, wala ya kutunza tiketi ya gari moshi, wala ya nani wa kumwuliza ukishuka Mtwara kwenda kupanda meli. Hayo mama yako ameshayasema mara tatu, na kesho stesheni atayasema mara ya nne. Mimi nina neno lako moja tu la kulijibu.

Ni lile ulilolisema Krismasi iliyopita, juzi juzi hapa. Ulikuwa nyuma ya jiko unasugua sufuria. Mama yako akakuambia, "Mwakani siku kama ya leo hutakuwapo." Ukajibu bila kuinua uso, "Mama, siku hizi Krismasi naiona kama siku nyingine tu. Zamani nilikuwa sipati usingizi nikiingoja. Mwaka huu nimeamka, nimefanya kazi, jua limetua, imekwisha. Mwakani nitakuwa wodini na wagonjwa, wala sitajua kama nimeikosa."

Mimi nilikuwa napita na kapu la korosho, nikacheka. Ukageuka ukanitazama vibaya, nami sikukulaumu. Lakini sikukucheka wewe. Nilicheka kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe. Maneno hayo hayo niliwahi kumwambia mama yangu, bibi yako, kule Nanganga, nikiwa na umri kama wako.

Nilipokuwa mtoto, Krismasi ilikuwa wali. Nisikudanganye kwamba tulikuwa tukimwaza mtoto Yesu. Mafundisho tuliyapata na nyimbo tulizijua, lakini siku ile ungenifungua kichwa ungekuta wali mtupu. Mwaka mzima ni ugali wa mtama na wa muhogo, halafu siku moja tu, wali na kuku. Bibi yako alifuga jogoo mmoja wa siku hiyo. Sisi watoto tulimpa jina, tukamfanya rafiki, na kila mwaka alipochinjwa tulilia kwa uchungu, kisha tukagombania firigisi.

Asubuhi yake alitupanga mstari, akatupaka mafuta ya ufuta kuanzia usoni mpaka nyayoni, tung'ae. Basi unajua mwezi wa kumi na mbili kwetu, mvua zimeanza. Tulitembea mpaka kanisani kwenye tope, tukafika tunang'aa kuanzia magotini kwenda juu, na kuanzia magotini kwenda chini ni udongo. Hakuacha. Mwaka uliofuata alipaka tena mpaka kwenye vidole vya miguu.

Nilipofika kama miaka kumi na saba, akaniita nikae mstarini. Nikamwambia, "Mama, Krismasi ni ya watoto. Mimi siioni tena."

Akanitazama, chupa ya mafuta mkononi. Hakukasirika. Akasema, "Haya. Basi njoo unisaidie kuwapaka hawa."

Nikaenda zangu kukaa na vijana wenzangu. Niliona ananipa kazi ya kitoto. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba alikuwa ananipa nafasi kando yake.

Baadaye nilimwoa mama yako, ukazaliwa wewe, na haikupita miaka mingi yakaja mambo ya karanga, yale mashamba makubwa ya Wazungu, hapa Nachingwea. Wewe ulikuwa mdogo mno, kwa hiyo huwezi kujua yalivyotushtua. Msitu uliokuwa wa tembo ukawa wa matrekta. Watu walimiminika kutoka kila upande, na lugha yao ilikuwa Kiswahili, kila mtu na chake. Mimi nilianza kwa kung'oa visiki, nikapelekwa gereji kuosha vyuma, na mwisho nikafundishwa kuendesha trekta. Mwanangu, sikiliza nikuambie ukweli: siku niliyokaa kwenye kiti kile mara ya kwanza, nilijiona nimezaliwa upya, na huyo aliyezaliwa upya hakuwa na kwao.

Krismasi ya kambini kwa wafanyakazi ilikuwa kitu kingine kabisa. Ilikuwa viatu. Ilikuwa suruali ya pasi, gramafoni inayolia kwa jirani, na kupita polepole kwa baiskeli mbele ya watu wanaokujua. Krismasi ya kwanza sikwenda Nanganga. Nilimwambia mama yako, "Mwakani." Mwaka wa pili ulipokaribia, bibi yako alimtuma mtu aliyekuwa anakuja kutafuta kazi. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: mleteni Vero, jogoo yupo.

Siku zile zile tangazo likatoka pale gereji. Wakubwa wa kambi watafanya sherehe ya watoto wa wafanyakazi siku ya Krismasi, mchana, uwanjani. Atakuja Mzee wa Krismasi na gunia la zawadi. Kila mtoto ataitwa kwa jina. Na Mzee huyo ataletwa kwa trekta, na dereva wa kumleta ni Anselimo. Yaani mimi.

Yule mtu alikosa kazi, nikampa jibu la kurudi nalo. "Mwambie mama, mwaka huu mjukuu wake atakula Krismasi ya Kizungu."

Mama yako alikuwa anamnyonyesha mdogo wako Fidelis. Akasema, "Anselimo, mama ameomba kitu kimoja tu."

"Mwakani," nikasema.

"Mwaka jana ulisema mwakani."

Nilitoka nikaenda kukununulia viatu vyeusi vyenye kifungo ubavuni. Vilikuwa vidogo, vidole vyako vilikunjamana, nikasema vitaachia.

Siku yenyewe nililiosha trekta lile mpaka ungeweza kulifanya kioo. Nililifunga maua mekundu mbele. Aliyevishwa kuwa Mzee wa Krismasi alikuwa bwana mkubwa wa gereji yetu, Mzungu mmoja mnene, mpole, ambaye sisi tulimwita Bwana Spana kwa sababu spana haikumtoka mkononi. Walimvika koti jekundu zito, kofia nyekundu na ndevu za pamba mpaka kifuani. Jua la siku ile lilikuwa linaunguza kweli, lile jua la kati ya mvua na mvua. Alikuwa amekaa kwenye tela nyuma yangu anatiririka jasho, na pamba inamnata mdomoni.

Tukaingia uwanjani. Watu walipiga vigelegele. Nami nimekaa juu, shati jeupe, sitazami kulia wala kushoto, kama gavana. Wewe ulikuwa mbele kabisa, umeshika nguo ya mama yako. Uliniona mimi kwanza, ukapunga mkono. Kisha ukaona kilichokuwa nyuma yangu.

Jitu lilikuwa limesimama, jekundu, halina mdomo, linainua mikono juu ya kichwa changu na kunguruma kwa kicheko. Ukapiga ukelele mmoja, ukageuka, ukakimbia. Watoto wengine walilia tu au wakajificha kwenye khanga za mama zao. Wewe ulikimbia.

Hapa ndipo palipo na kosa langu, na sijawahi kulisema kwa mtu ila mama yako. Nilikuona. Nilikuona ukipenya katikati ya watu ukatoka upande wa pili, na sikusimamisha trekta. Niliwaza: wakubwa wananitazama, mzunguko haujaisha, mama yake atamfuata. Nikamaliza mzunguko wangu uwanja mzima, polepole, vizuri. Na mama yako, Fidelis mgongoni analia, aliona umekimbia upande trekta lilikoelekea, akafikiri umekwenda kwa baba yako.

Zawadi zikaanza kugawiwa. Majina yakaitwa. Likaitwa "Veronika Anselimo," mara moja, mara mbili. Mama yako akanitazama kutoka ng'ambo ya uwanja, nami nikamtazama, na kila mmoja akaona kwamba mwenzake hana mtoto.

Sijui kama unaweza kufikiri kambi ile ilivyokuwa. Pande zote ni ardhi iliyofyekwa, haina mti wa kusema mtoto amejificha chini yake. Palikuwa na mashimo ya visiki vilivyong'olewa, mengine yanamzidi mtu mzima kwa kina, na mvua za wiki ile zilikuwa zimeyajaza maji mekundu. Nilikimbia kutoka shimo hadi shimo. Kila shimo nililifikia nikasimama kidogo kabla ya kuchungulia, kwa sababu kabla sijachungulia ulikuwa bado hai. Shati langu jeupe halikuwa jeupe tena. Sikumbuki niliomba sala gani. Nadhani nilikuwa nasema jina lako tu.

Sherehe ilivunjika, watu wote wakawa wanatafuta. Bwana Spana naye aliingia kutafuta, na koti lake jekundu, ndevu zimeteleza zimefika shingoni, anaita "Feronika! Feronika!" Kila alikopita, watoto waliokuwa wamejificha walichomoka wakakimbia mbali zaidi, na mama zao nyuma yao. Mama yako, ambaye siku zote unamjua ni mtaratibu mbele ya wakubwa, alimwendea akamshika mkono wa koti. "Bwana, vua hili! Unawatawanya!" Maneno hakuyaelewa yote, ila uso wa mama yako aliuelewa. Akavua pale pale akabaki na fulana.

Mlinzi mmoja ndiye aliyepata kiatu. Kidogo, cheusi, kimelala katikati ya njia inayotoka kambini kwenda Nanganga. Mbele kidogo tukapata cha pili. Ulikuwa umevivua ili ukimbie. Nilivibeba vyote viwili mkononi, nikashika njia hiyo.

Mwisho wa kambi, nyumba ya mwisho kabisa, alikuwa anakaa Bi Somoe na mumewe Mzee Hassani. Ni watu wa Lionja, Waislamu, waliokuja kwa ajili ya miti: Mzee Hassani alichoma mkaa wa magogo yaliyong'olewa, na Bi Somoe alikaanga mandazi ya wafanyakazi. Siku zile sikuwajua zaidi ya kununua mandazi na kupita. Nilipokaribia nilisikia vicheko vya wanawake uani. Nikajisemea, hawa hawana habari, nitawauliza tu niendelee.

"Hodi," nikasema.

"Karibu," akajibu mtu. Nami nikaganda, kwa sababu ile sauti niliijua kabla ya kuijua sauti nyingine yoyote duniani.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka. Miguu yake ilikuwa na tope la njia ya siku mbili. Baada ya kupata jibu langu la Krismasi ya Kizungu, alikuwa amemtia jogoo kwenye tenga, akamtwika kichwani, akaanza kutembea kutoka Nanganga peke yake, umri ule. Alifika nyumba ya kwanza ya kambi akaomba maji na kuulizia kwa Anselimo, na Bi Somoe akamwambia, "Subiri kwanza mama, hapa nina mtoto nimemdaka njiani, analia anasema anakwenda kwa bibi yake Nanganga. Hebu mtazame, labda ni wa kwenu." Na wewe ulikuwa mapajani mwa bibi yako, andazi mkono huu, andazi mkono huu, uso umetapakaa mafuta.

Bibi yako akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, na viatu vyako mkononi mwangu. Akasema kwa Kimwera, taratibu tu, "Umechelewa. Nawa mikono."

Nilikaa chini pale pale nikalia kama mtu aliyefiwa. Mzee Hassani aligeuka akajifanya anarekebisha tanuri lake la mkaa. Wewe ukashuka mapajani ukaja ukanishika masikio, kama ulivyozoea. Ukaniuliza:

"Baba, lile jitu limekuachia?"

"Jitu gani, mama?"

"Lile lililokukamata. Nilikuwa nakwenda kumwita bibi aje akutoe."

Vero, nimekuwa nikisema miaka yote kwa mzaha kwamba siku ile ulimkimbia Mzee wa Krismasi. Sasa umekua, ujue ilivyokuwa. Hukukimbia. Uliona baba yako ametekwa, na katika akili yako ya miaka mitano ukamkumbuka mtu mmoja tu mwenye nguvu za kutosha, ukashika njia ya kwake. Mimi nilishindwa kusimamisha trekta kwa ajili yako, na wewe ulikuwa tayari kutembea mpaka Nanganga kwa ajili yangu. Sijaona zawadi nyingine iliyonifanya mdogo na kunifurahisha kwa pamoja namna ile.

Mama yako akafika, nyuma yake nusu ya kambi, na nyuma kabisa Bwana Spana na fulana yake, koti kwapani. Ukajificha nyuma ya bibi. Bibi yako akauliza, "Ndiye huyu?" Ukaitikia kwa kichwa kuwa ndiye. Akamtazama yule Mzungu kwa muda, anavyohema, anavyojipangusa uso. Akasema, "Huyu ana njaa tu. Mpeni mahali akae."

Mzee Hassani alimchinja yule jogoo kwa mkono wake, ili na wao wale. Bi Somoe akaingiza mchele wake jikoni bila kuulizwa. Bibi yako akasimama kumsaidia na miguu yake ile, mama yako akafuata, na mimi nikapewa vitunguu nimenye. Dereva wa trekta! Na nilivimenya kwa furaha, machozi yakapata kisingizio.

Tulikula sinia moja. Bwana Spana alikula kwa mkono, wali ukamwagika mpaka magotini, Bi Somoe akacheka mpaka akajifunika khanga. Baadaye alitoa picha mfukoni, watoto wawili wa kike wamesimama kwenye kitu cheupe kama unga. "Mimi, mtoto mbili," akasema kwa Kiswahili chake. "Mbali. Mbali sana." Akaipangusa ile picha kwa kidole gumba. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtu mzima alikubali kuvaa koti lile kwenye jua lile. Wewe nawe ukatoka nyuma ya bibi pole pole, ukamwuliza, "Ndevu zako ziko wapi?" Akazitoa mfukoni, zimelowa. Ukazishika kwa vidole viwili, ukazitundika kwenye kidevu cha Mzee Hassani. Siku ile nilisikia watu wakicheka mpaka ng'ambo ya njia.

Tulipoaga, Bi Somoe akasema, "Leo sikukuu yenu imepikwa jikoni kwangu. Idi ikifika, zamu yenu." Nasi hatukufanya mchezo. Idi ilipofika mama yako alikwenda asubuhi na mapema na sufuria yake. Ndiyo asili ya mambo ambayo wewe umeyakuta ukayaona kama yamekuwapo tangu dunia iumbwe.

Mengine unayajua. Karanga hazikuwa kama walivyotarajia. Matrekta yakapungua, wageni wakaondoka, na Bwana Spana naye akaenda kwao, kwa watoto wake, natumaini. Nikabaki sina kiti cha kukalia. Kwa muda niliona haya hata kwenda kisimani. Kisha tukaja huku Mkotokuyana kulima, tukapanda mikorosho, ufuta, muhogo, na nikamchukua bibi yako akakaa nasi; Bi Somoe na Mzee Hassani nao wakarudi kwao Lionja, jirani na hapa. Zile Krismasi zilikuwa hazina gramafoni wala pasi. Moja tulikula kisamvu, unakumbuka? Wewe na Fidelis mlicheza ngoma ya madebe mpaka Bi Somoe akaja kuuliza kama kuna arusi.

Krismasi ya mwisho ya bibi yako alikuwa hawezi tena kutafuna nyama. Alichambua mfupa wake akaugawa kwenu kipande kipande. Nikakaa karibu yake nikamwuliza, kwa kuwa nilikuwa nataka kujua kweli, "Mama, sasa wewe unapata nini katika siku hii?"

Akafikiri. Akasema, "Napenda vile mnavyoingia. Mnavyogongana mlangoni." Basi. Hakuongeza kitu, akaendelea kuchambua mfupa.

Mwaka uliofuata hakuwapo. Mimi sikutaka Krismasi ile ifike. Asubuhi nilitoka kanisani nikaja nikakaa kitandani na viatu vyangu miguuni. Nikasikia mtu uani. Alikuwa Bi Somoe, ametembea kutoka Lionja na sinia kichwani, ananifokea kabla hajalitua: "Anselimo! Watoto wako nje wananiuliza mimi baba yao yuko wapi. Mimi ndiye niliyekuzaa? Toka uje uwagawie!" Nikatoka nikawagawia. Sahani ya kwanza niliijaza bila kuwatazama, ya pili nikawatazama, na mlipofika kwenye kugombania firigisi nikajikuta nawaamua huku nacheka.

Sasa nirudi kwako na sufuria zako. Unasema uliamka, ukafanya kazi, jua likatua, na Krismasi hukuiona. Mimi nilikuona tangu alfajiri. Nilikuona ukiwasha moto mama yako akiwa bado amelala, ili apumzike. Nilikuona ukimfunga mdogo wako Agnesi ukanda wa lile gauni ulilomshonea kutokana na lako la zamani, naye akazunguka mpaka akaanguka kwa kizunguzungu. Nilikuona ukichagua vipande vya sinia la Bi Somoe, unarudisha kimoja, unaweka kikubwa zaidi. Ulihudumia kila mtu, ukala mwisho, umesimama. Na Agnesi siku ile hakupata usingizi, alikuwa anaimba kitandani.

Mwanangu, huioni kwa sababu uko upande wa jikoni wa siku hiyo sasa. Mtu akivuka kwenda upande huo, mwanzoni huona kama ameibiwa. Mimi nilipofika hapo nilikimbia, nikaenda kuitafuta kwenye viatu na kwenye trekta. Wewe hukukimbia, ulibaki ukapika. Kwa hiyo sina la kukufundisha hapo, umenipita. Nimeona tu nikuambie kwamba ile furaha ya zamani haijafa. Imehama kutoka tumboni, na hukaa kimya miaka michache kabla ya kujulikana iko wapi. Yangu niliikuta nikimenya vitunguu. Yako sijui utaikutia wapi. Pengine wodini, kwa mgonjwa ambaye ndugu zake hawakufika. Pengine sivyo, pengine utachoka tu ukalala, na hilo nalo si dhambi.

Lakini nataka usibebe neno moja kutoka hapa nyumbani. Usibebe wasiwasi wa kwamba mwakani tutakuwa tumekaa tunaitazama njia, na wewe hukupewa ruhusa, na umetukosea. Mimi nilimfanya mzazi aitazame njia miaka miwili kwa kiburi tu, najua tofauti yake. Wewe utakuwa kazini.

Nimezungumza na mama yako asubuhi hii, kabla ya vita vya blanketi. Anaogopa meli. Anasema ameambiwa inapanda na kushuka kama mtu anayepepeta, na yeye hata ziwa hajawahi kuliona. Nimemwambia mimi pia. Tukatazamana. Kisha akasema Agnesi naye atataka kuja, na Fidelis hawezi kuachwa, na nani atalinda kuku. Nilipomsikia amefika kwenye kuku nikajua amekubali.

Kwa hiyo barua yako ya kwanza utakayotuletea, pamoja na habari za afya na masomo, tuandikie hospitali iko mtaa gani, wodi yako iko upande upi, na jina la muuguzi mkuu ili nijue nitamwamkia vipi. Krismasi ijayo, saa za kuona wagonjwa, akikwambia kuna watu wanne mlangoni wanagongana, wanamtaka Veronika, usiulize ni akina nani.

Ni mimi baba yako, ninayekupenda, naja sasa hivi kukufungia hilo sanduku, na blanketi la mama yako ndani,

Anselimo